Dawa na vifaa vya "kurudisha nguvu za misuli": tumevipitia kimoja kimoja

Ingia famasi yoyote ya Kariakoo au River Road useme misuli haina nguvu. Hutatoka mikono mitupu. Utapewa vidonge vya neuro, utaongezewa magnesiamu ya kuyeyusha kwenye maji, na nje mlangoni kuna mwenye kopo la unga wa mitishamba unaotibu misuli, mishipa, mgongo na nguvu za kiume kwa pamoja. Watakaokuuliza kama umechoka au umedhoofika ni wachache, na swali hilo ndilo linaloamua kama unachonunua kina maana.

Mapitio haya ni ya mtu aliyekwisha kuzunguka zahanati mbili tatu, akaambiwa ni malaria, mara UTI, mara presha ya kushuka, mara mawazo, na hadi leo ugonjwa wake hauna jina. Mtu wa namna hiyo atanunua tu, hata ukimkataza. Basi anunue akijua.

Kwanza kipimo cha bure

Aliyechoka akilazimika atasimama, ila hajisikii. Aliyedhoofika misuli anataka, anajaribu, na mwili haufuati. Njia rahisi ya kutenganisha ni kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa kikalio kama sm 43, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, weka saa ya sekunde 30, hesabu umesimama wima kabisa mara ngapi. Ukijisukuma kwa mikono hata mara moja, andika sifuri. Kwa mwenye miaka 60 hadi 64, mwanaume akipata chini ya 14 au mwanamke chini ya 12, hiyo ni pungufu. Kijana asiyefika hapo ana jambo. Mtu asiye imara awe na wa kumdaka.

Wengi huharibu kipimo hiki kwa kutumia sofa leo na kiti cha plastiki kesho. Kiti kiwe kilekile, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili, na pembeni uandike saa, ulichokula na kazi uliyofanya. Daftari hilo lina thamani kuliko nusu ya bidhaa zinazofuata, kwa sababu udhaifu una tabia. Ukizidi jioni, kope zikashuka, ukaona vitu viwiliviwili, daktari atafikiria miasthenia, ugonjwa wa ujumbe wa neva kutofika vizuri kwenye msuli. Ukiamka miguu imekufa baada ya kula ugali au wali mwingi usiku, potasiamu inashukiwa. Ukiwa papo hapo siku zote kwenye mapaja na mabega, ngazi zinakushinda na kuchana nywele ni kazi, orodha ni tezi ya shingo, vitamini D, dawa za steroidi au uvimbe wa misuli yenyewe. Ncha ya kiatu kimoja ikilika mbele kwa kuburuta, tatizo mara nyingi liko kwenye neva.

Vidonge vya neuro (B1, B6, B12)

Ndivyo vinavyouzwa kuliko vyote, na si vibaya kwa kila mtu. Vinamfaa aliyepungukiwa B12: mtu wa kisukari aliyemeza metformini kwa miaka, anayeishi kwa omeprazo, mzee, au asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa kabisa. Upungufu wa B12 huleta ganzi ya miguu, kuyumba gizani na baadaye udhaifu.

Shida ya kwanza ni kipimo cha dawa. Vidonge vingi vya mchanganyiko vina B12 mikrogramu 200, wakati anayetibiwa upungufu kwa kumeza hupewa mikrogramu 1,000 kwa siku. Shida ya pili ni B6. Kidonge kimoja cha mchanganyiko kinaweza kuwa na mg 100 au 200. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka ukomo wa mg 12 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani inaruhusu hadi mg 100. B6 ikizidi kwa miezi inaua neva za hisia, na dalili zake ni ganzi na kuyumba. Yaani mtu anameza dawa ya ganzi, ganzi inaongezeka, anaongeza dawa. Soma pembeni ya boksi, na kama unameza pia vidonge vya multivitamini, jumlisha. Aliye kwenye dawa za TB ni habari nyingine: isoniazidi inakula B6 na hospitali humpa kidogo kidogo kwa makusudi, asiache.

Pima B12 kabla ya kuanza kumeza. Ukishameza mwezi mzima, majibu yatakuja ya juu na hakuna atakayejua ulianzia wapi. Na usitegemee dawa za kuongeza damu zenye foliki asidi peke yake: damu itapanda, neva zitaendelea kuharibika kimyakimya.

Uamuzi wetu: nunua B12 ya peke yake ukiwa na sababu. Mchanganyiko wenye B6 nyingi uache dukani.

Magnesiamu

Inasaidia aliyepungukiwa, hasa anayekunywa dawa za kukojoza, mlevi au mwenye kuharisha kwa muda mrefu. Aina ya oksaidi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayonyonywa kidogo. Sehemu kubwa inaishia chooni, kwa haraka. Ya sitreti inanyonywa vizuri zaidi. Usizidishe mg 350 za nyongeza kwa siku, na mwenye figo mbovu asiguse.

Lakini kuna onyo ambalo hatujaliona limeandikwa kwenye chupa. Magnesiamu inapunguza ujumbe unaotoka kwenye neva kwenda kwenye msuli. Mwenye miasthenia anaweza kulegea zaidi, na akipewa kwa dripu anaweza kushindwa kupumua. Kama kope zako zinashuka jioni, au unapaliwa na maji, usijaribu magnesiamu nyumbani, hata ile ya kuyeyuka yenye ladha ya chungwa.

Potasiamu: madafu, ORS, vidonge na dripu

Hapa ndipo pana faida kubwa na hatari kubwa kwa wakati mmoja. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, ikishuka chini ya 3 misuli huanza kugoma, na chini ya 2.5 mtu anaweza kulala hawezi kugeuka. Hushushwa na dawa za presha za kukojoza, kutapika na kuharisha, dawa za steroidi, tezi ya shingo iliyozidi kazi, na kwa watu wengine ni maumbile ya familia.

Dafu moja la ml 300 lina takriban mg 750 za potasiamu. Lita nzima ya ORS ya fomula ya WHO ya mwaka 2002 ina milimoli 20, sawa na mg 780. Ndizi mbivu ya wastani ina kama mg 400. Kwa mwenye figo nzima, dafu moja kwa siku ni chakula tu na halina ubaya. Halichukui nafasi ya ORS kwa anayeharisha, maana lina chumvi kidogo.

Vidonge vya potasiamu ni kazi ya daktari. Anayetumia spironolaktoni, enalaprili, kaptoprili au losartani, au mwenye figo dhaifu, anaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukasimama. Na ajabu yake ni kwamba potasiamu ikizidi nayo inaleta udhaifu wa misuli. Huwezi kuona tofauti kwa macho.

Kisha dripu. Mtu akifika zahanati amelegea, cha kwanza kutundikwa ni chupa ya glukosi. Kwa yule aliyelegea kwa sababu potasiamu imeshuka, glukosi inaamsha insulini, na insulini inaisukuma potasiamu iliyobaki iingie ndani ya seli. Amelala hawezi kunyanyua mguu. Chupa ikiisha hawezi kunyanyua na mkono. Kwa mgonjwa anayeamka amekufa miguu, omba potasiamu ipimwe kwanza, tena wakati shambulio lipo, kwa sababu likishapita kipimo hurudi kawaida na utaambiwa huna kitu. Damu iliyovutwa kwa nguvu au iliyokaa muda mrefu kabla ya kupimwa hupasua seli zake na kuonyesha potasiamu ya juu ya uongo. Maabara wakiandika sampuli imepasuka, irudiwe.

Dafu: nyota nne kati ya tano. Dripu ya glukosi bila kipimo: hatuna nyota ndogo kiasi hicho.

Vitamini D

"Sisi tuna jua" si jibu. Anayevaa buibui au nikabu, mlinzi wa usiku anayelala mchana, fundi wa kiwandani, mama anayekaa ndani ya fleti, wote wanaweza kupungukiwa, na ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi. Upungufu mkubwa huleta mwendo wa bata, mapaja mazito na maumivu ya mifupa hasa ukibonyeza mbele ya muundi.

Kosa la dukani ni kununua vidonge vya kalsiamu vilivyoandikwa D kubwa nje, ndani kuna IU 200 hadi 400 tu. Tafuta kinachosema IU 1,000 au 2,000, meza na chakula chenye mafuta, usipite IU 4,000 kwa siku bila kupimwa. Kapsuli za IU 50,000 ni za mara moja kwa wiki, tena kwa cheti. Kuna watu wanazimeza kila siku na kuishia na kalsiamu ya juu, ambayo nayo hulegeza misuli na kuumiza figo. Nguvu hairudi wiki hiyohiyo, inachukua miezi. Bidhaa nzuri, bei yake si ya kutisha.

Kopo la unga wa mitishamba linalofanya kazi siku ya tatu

Mlonge ni mboga yenye lishe, haba soda ni kiungo kizuri, na mafuta ya karafuu ya kuchua yanapasha ngozi. Vyote hivyo havina ugomvi na mtu, na havirudishi msuli uliodhoofika.

Tunachokiogopa ni kopo lisilo na jina la mmea linalompa mgonjwa nafuu ndani ya siku tatu: maumivu yanakata, hamu ya kula inafunguka, uso unajaa. Tabia hiyo ni ya steroidi, kwa kawaida deksamethasoni au prednisoloni iliyosagwa ndani. Ni dawa ileile inayojificha kwenye vidonge vya kunenepesha. Ikitumika kwa miezi inakula misuli ya mapaja na mabega, yaani inaleta ugonjwa uliokuwa unautibu. Mtu ana mashavu ya mviringo na mapaja membamba, ngozi inachubuka kwa kuguswa, sukari inapanda. Kibaya kingine, inazima uvimbe wa misuli nusunusu, kipimo cha CK (kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye msuli unaoharibika) kinashuka, na daktari aliyekuwa anakaribia kulipata jina la ugonjwa anapotea njia.

Ukigundua umekuwa ukitumia kitu cha namna hiyo zaidi ya wiki tatu, usiache ghafla. Tezi za juu ya figo zimeshalala. Ukikata papo hapo unaweza kutapika, presha ikaanguka na ukazimia. Nenda hospitali na kopo mkononi, na useme ukweli wa kiasi na muda. Tanzania dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji asiyeonyesha namba ya usajili umeshajibiwa.

Kriatini na koenzaimu Q10

Kriatini, unga mweupe wa wanyanyua vyuma, ni moja ya vichache vyenye ushahidi: gramu 3 hadi 5 kwa siku imeonyesha kuongeza nguvu kidogo kwa wenye magonjwa ya kurithi ya kunyauka misuli. Kwa baadhi ya magonjwa ya misuli kushindwa kuchoma sukari, dozi kubwa iliongeza maumivu. Ukiinywa, mwambie daktari, kwa kuwa inapandisha kriatinini kwenye damu na utaambiwa figo zimekufa wakati ni nzima. Q10 ni ghali na nje ya magonjwa machache ya nadra hatuoni sababu ya kuinunua.

Mashine

Kuna za aina mbili zinazofanana kwa sura. TENS inasisimua neva za hisia ili kupunguza maumivu. Haiongezi nguvu hata uivae mwaka. EMS inakunja msuli, ila msuli ambao neva yake imekatika hauitikii mashine hizi ndogo. Mwenye kifaa cha moyo asivae yoyote, na zisiwekwe shingoni kwa mbele.

Ipo pia ile mashine ya "kupima mwili mzima": unashika chuma mkononi dakika moja, kompyuta inatoa kurasa za majibu ya ini, mifupa na vitamini, kisha unauziwa virutubisho vya ofisi hiyohiyo. Hakuna damu iliyotoka. Ukitaka kuijua, omba upimwe mara mbili, na mara ya pili wataje umri na uzito tofauti. Linganisha karatasi. Pesa yake inatosha kipimo cha kweli.

Sindano, chuku na kuchua

Kuchua kwa upole ni sawa kwa misuli iliyokaza. Chuku na hijama hazirudishi nguvu, na wembe usiofunguliwa mbele yako usikuguse. Sindano ya diklofenaki kwa ajili ya misuli ni ya maumivu, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga neva kubwa ya mguu, unyayo ukaanguka, yaani ukashindwa kunyanyuka, siku hiyohiyo. Kama ni lazima sindano, ichomwe juu, upande wa nje wa tako, au kwenye paja.

Fimbo na kishikizo cha unyayo

Hivi ndivyo tunavyovipenda kuliko vyote, na ndivyo watu huvionea haya. Fimbo ya aluminiamu inayorekebishika urefu: simama na viatu vyako vya kila siku, mikono ikining'inia, mpini ulingane na mkunjo wa kiganja na mkono. Ikiwa ndefu, bega linapanda na shingo inauma. Fupi, unainama na mgongo unalalamika. Ishike mkono wa upande wa mguu *wenye nguvu*, itangulie pamoja na mguu dhaifu. Wengi hufanya kinyume.

Geuza fimbo uangalie mpira wa chini. Mpya una miduara iliyochongeka kama tairi. Ikifutika, kwenye vigae vilivyolowa ni utelezi mtupu. Mpira unauzwa peke yake, nunua wa ziada.

Kwa unyayo ulioanguka, kishikizo cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu kinazuia kujikwaa tangu siku ya kwanza. Vya kununua tayari ni rahisi ila vinabana kifundo. Cha kupimwa kwa plasta kinakaa vizuri. Mafundi wake wanafundishwa hapa hapa Tanzania, kwenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi. Vaa saa moja siku ya kwanza, vua, kagua ngozi. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 20 hauna shida. Unaobaki unamaanisha plastiki ikwanguliwe kabla hakijatoa kidonda. Kiatu kiwe kikubwa kidogo, cha kamba, si cha kuchomeka. Na kama unyayo umeanguka na una baka lisilo na hisia kwenye ngozi, uulize ukoma. Dawa zake ni bure.

Pesa hiyo ingenunua nini maabara

Vipimo vya kuanzia si vya ajabu: potasiamu, kalsiamu, sukari, TSH ya tezi ya shingo, CK ya misuli, VVU, na B12 au vitamini D pale panapokuwa na sababu. Wiki moja kabla ya CK usibebe mizigo wala kukimbia, na usichomwe sindano ya msuli siku chache kabla, la sivyo itapanda bure. Watu wenye asili ya Afrika wana CK ya juu kidogo kwa kawaida, hivyo 300 au 400 peke yake si hukumu.

Vimeng'enya vya AST na ALT havitoki kwenye ini pekee, vinatoka pia kwenye misuli. Wapo wanaotibiwa ini miaka wakati msuli ndio unaovuja. GGT, kimeng'enya kisichotoka kwenye misuli, ikiwa kawaida na CK ikiwa maelfu, mara nyingi ini halihusiki.

Kwa kope zinazoshuka: piga picha, funga barafu kwenye kitambaa chepesi, iweke juu ya kope iliyofumbwa dakika 2, piga picha tena papo hapo. Kope ikipanda milimita 2 au zaidi, mwonyeshe daktari picha zote mbili. Isipopanda, ugonjwa haujaondolewa kwenye orodha. Kipimo cha kingamwili cha miasthenia mara nyingi sampuli hupelekwa nje ya nchi, kwa hiyo uliza gharama na siku mapema. Wakati unasubiri, mwambie kila muuza dawa kuwa inashukiwa: kwinini, gentamaisini, sipro na azithromaisini zinaweza kukulaza kitandani, na zote zinapatikana kirahisi mno.

Hakuna bidhaa hapa ya kujaribu iwapo udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda juu kwa siku chache, unapaliwa na mate, mkojo umekwama, au unakosa pumzi ukilala chali. Vuta pumzi moja uhesabu kwa sauti, namba mbili kwa kila sekunde. Mtu mzima mwenye afya hufika karibu na 50, na ukiishia chini ya 20, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono asipelekwe kuchuliwa: kituo cha afya kinatakiwa kumripoti na kuchukua choo mara mbili, kwa tofauti ya saa 24, ndani ya siku 14, ili polio iondolewe kwenye hesabu.